Alto ya Mama na Alhamisi za Elkana

Ninaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wewe unayesoma ukiwa kwenye benchi la kliniki, umeshika mkono wa shati la mzazi wako ili asiinuke akaenda zake. Ya pili ni Elkana. Nitajitahidi kukupa wewe sehemu kubwa zaidi, lakini siahidi.

Baba yangu, Zakayo Kidiga, alifanya kazi katika karakana ya reli mpaka alipostaafu, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa letu hapa mtaa wa Mbotela. Hakuwa na kinanda. Alikuwa na kipande cha chuma alichokikata mwenyewe karakanani, urefu wa mwiko mdogo, akakipiga tupa siku baada ya siku mpaka kikatoa sauti aliyoitaka. Ukikigonga kwenye ukingo wa meza kinalia do, sauti ya kwanza ya ngazi ya muziki. Kila mwanakwaya alijua sheria moja: chuma kikilia unanyamaza, hata kama uko katikati ya neno. Watoto wengine waliogopa radi. Sisi tuliogopa do ya Baba.

Ugonjwa uliingia kwetu kupitia mlango ambao hatukuulinda. Mimi ni Kageha, jina la nyanya yangu, mama yake Baba, na kwetu mtoto wa namna hiyo huitwa Mama na baba yake tangu akiwa kwenye nepi. Kwa hiyo Baba aliponiita Mama, akaniuliza kama ng'ombe wamekunywa maji, nilicheka nikamjibu wamekunywa. Nilidhani ni utani wetu wa siku zote. Miezi minne ilipita kabla sijatambua kwamba hatanii. Usijilaumu kwa kuchelewa kujua. Ugonjwa huu huvaa nguo za nyumbani.

Kanisani ulionekana mapema zaidi. Elkana alikuwa msaidizi wa Baba: karani wa ofisi mjini, mikono laini, sauti ya besi ya kutikisa vioo. Alikula ugali mezani petu tangu nikiwa darasa la pili, nami nilimwita Anko. Jumapili moja Baba aliirudisha kwaya kwenye ubeti uleule mara ya tatu, wanakwaya wakatazamana, na Elkana akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha puani, lakini alikuwa karibu na kipaza sauti. Nilikisikia kutoka benchi la tano. Bado ninakisikia.

Wiki iliyofuata yeye na wanakwaya wenzake walikuja nyumbani na mkate, maziwa na maneno matamu.

"Mwalimu, umetumika," Elkana alisema. "Sasa pumzika. Sisi watoto wako tutaendesha."

Wakati wa kuondoka alikuwa na madaftari kumi na moja kwapani. Ndani yake kulikuwa na nyimbo zote alizotunga Baba, zimeandikwa kwa solfa, kwa penseli, do re mi zimepangwa kama mataruma ya reli.

"Nayahifadhi tu, Kageha," aliniambia mlangoni. "Nyumba yenu ina unyevu."

Ni kweli ukuta wetu una unyevu. Nilimshukuru. Nataka hilo liandikwe pia: nilimshukuru.

Masika hayo tuliyamalizia kliniki. Benchi lilikuwa la mbao, limeng'arishwa na makalio ya wanaongoja. Tulipewa namba kwenye kikaratasi, naye Baba aliikunja na kuikunjua mpaka ikakatika katikati, ikabidi nibishane na mlinzi kwamba nusu mbili za kumi na nane bado ni kumi na nane. Jirani yetu wa benchi, mama mmoja aliyemleta mumewe, alinimegea yai lake la kuchemsha bila kuniuliza jina. Mumewe alikuwa akifungua vifungo vya shati lisilo na vifungo. Tulikula yai letu tukiangalia vidole vyake. Sijawahi kula chakula kitamu zaidi ya hicho.

Daktari alikuwa kijana, na alikuwa na haraka.

"Mzee, leo ni siku gani?"

"Siku ya mazoezi," Baba akasema.

Daktari akaandika kitu, akauliza lingine. Ilikuwa Alhamisi. Alhamisi saa kumi alasiri ni siku ya mazoezi ya kwaya tangu kabla sijazaliwa. Alipewa sifuri kwa jibu ambalo lilikuwa sahihi. Niliiweka sifuri hiyo kwenye orodha yangu ya waliomkosea Baba. Ndiyo, nilikuwa na orodha, na mtu wa kwanza kwenye orodha unamjua tayari.

Halafu ikaja baridi ya Julai, na huo ndio wakati ambao nisingependa kuurudia. Baba alipungua mpaka nikatoboa mshipi wake matundu mapya mawili kwa msumari uliopashwa moto. Alianza kutembea kama mtu anayeogopa sakafu. Tonge lilikaa mdomoni hadi nimkumbushe kumeza. Kuoga kulikuwa vita. Mwili wa baba yangu, ambao sikuwahi kuuona, ulikuwa mbele yangu ukitetemeka, wenye aibu zote za dunia, na sauti iliyokuwa ikifundisha watu kuimba ilipiga kelele: "Mwizi! Mwizi wa nguo!" Asubuhi moja alinipiga na jagi juu ya jicho. Nilikaa kwenye saruji yenye maji nikalia, naye akaja akaniuliza kwa upole, "Nani amekupiga, Mama?"

Kaka yangu Amosi, anayeishi mtaa wa Fedha, alikuja akaona jicho.

"Sista, mpeleke ushago. Hapa utatangulia kufa wewe."

"Kijijini kuna nani?"

"Kuna shamba. Kuna hewa."

"Hewa itamwosha?"

Akavaa koti. Hatukuzungumza wiki tatu. Ugonjwa wa mzazi hauwagombanishi ndugu. Huwaonyesha tu ugomvi uliokuwa umelala chini ya kitanda.

Aliyeniokoa alikuja kwa miguu kutoka Majengo, Pumwani. Bi Halima ni muuguzi mstaafu aliyejifunza kutumia muziki kwa watu wanaopoteza kumbukumbu. Alikuja Alhamisi, amevaa buibui na raba, hana dawa wala chombo chochote. Alikaa kwenye kigoda mkabala na Baba, akapumua kama anavyopumua Baba, akaanza kuvuma wimbo kwa sauti ya chini. Jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa nizime redio.

"Mwanangu, redio ya siku nzima ni kelele, naye kichwani ana kelele zake. Tunatafuta wimbo mmoja. Ule ambao mwili wake unaujua hata yeye akiwa hayupo."

Tulijaribu nyimbo za kanisa ambazo kila mtu anazijua. Baba alitazama dirishani. Alhamisi ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu aliomba chai. Bi Halima hakukata tamaa, lakini alikuna kidevu.

"Huyu alikuwa akitunga? Basi nipe alizotunga."

Kwa hiyo nilikwenda kwa Elkana. Nilimkuta uani mwa kanisa baada ya ibada, anasalimia watu kwa mikono miwili kama mgombea kiti.

"Anko, nimekuja kuchukua madaftari ya Baba."

"Madaftari gani?"

"Kumi na moja. Uliyachukua kwetu."

"Aa, yale! Nafikiri panya waliyamaliza, dada yangu. Na hata hivyo hayakuwa na kitu. Mzee alikuwa akinakili vya watu."

Nyuma ya bega lake, ukutani, palikuwa na tangazo la sikukuu ya kwaya itakayofanyika Oktoba. Wimbo mpya: "Tufungulie Asubuhi". Mtunzi: Elkana.

Naujua wimbo huo. Baba aliutunga kabla sijaanza shule, akirudi kwa miguu kutoka karakana. *Tufungulie asubuhi, tumesimama mlangoni, mikono yetu ina masizi, usituulize tulikotoka.* Masizi! Elkana hajawahi kushika hata kibiriti.

"Hao panya wako," nikamwambia, "wanajua na solfa?"

Uso wake ulibadilika, kisha ukarudi.

"Chunga mdomo, msichana. Babako hakumbuki jina lake mwenyewe. Atakumbuka wimbo?"

Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwita Anko.

Kwa nini alijiamini? Kwa sababu wimbo huo haukuwa umeimbwa miaka sita. Mama yangu alipofariki, Baba aliuweka kando na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Wanakwaya wa sasa wengi ni vijana. Wazee waliouimba walikwisha kustaafu kwenye mabenchi ya nyuma, na Elkana alihesabu kwamba masikio yao yamestaafu pia.

Rekodi ya mazoezi ya wimbo huo ilisambazwa kwenye simu za waumini. Nilifika nayo nyumbani nikiwa na hasira, na sitadanganya, sikuicheza kama dawa. Niliicheza ili nipate mtu wa kukasirika naye.

Baba alikuwa amekaa, mikono katikati ya mapaja. Sauti ya kwanza ikaingia, akainua kichwa. Besi ikaingia, akaanza kugonga goti kwa kidole. Ilipoingia alto, ile sauti ya chini ya wanawake, uso wake ukakunjamana kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.

"Siyo hivyo," akasema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza siku mbili hizo. "Nani amewafundisha hawa?"

Na baba yangu, mwenye sauti nzito ya chuma, akaimba alto. Aliiimba juu, nyembamba, karibu na puani, kama alivyoiimba marehemu Mama. Alto yake haikupanda na wimbo. Ilibaki palepale kwenye sauti moja, so, wakati sauti nyingine zote zikienda, kama mtu mmoja aliyekataa kuondoka mlangoni. Miaka sita nilikuwa sijamsikia Mama.

Ndipo nilipokumbuka. Madaftari ya Baba hayakuwa na alto. Kwenye kila wimbo mstari wa pili ulikuwa mtupu. Mama hakujua kusoma solfa, na Baba hakuona haja ya kumwandikia. Alimwimbia jikoni, yeye akichambua mboga, mpaka ikamkaa, naye akawafundisha wanawake wenzake kwa mdomo. Elkana aliiba nyumba yenye ukuta mmoja uliokosekana, akauziba kwa mabati yake.

Kesho yake asubuhi nilipomfungulia Baba maji, nilianza alto hiyo kabla sijagusa kifungo cha shati lake. Aliingia ndani ya beseni mwenyewe. Aliimba nami huku nikimsugua mgongo, akanirekebisha mara mbili. Nilimwambia Bi Halima.

"Umempata," akasema. "Sasa usimpoteze. Mwimbie wakati wa kuoga, wakati wa kula, wakati jua linapozama na hofu inapomwingia. Uleule. Usichoke kabla yake."

Hiyo ndiyo sehemu yako, wewe wa kwenye benchi. Tafuta wimbo wa mtu wako, usiridhike na wimbo wa watu. Huenda si ule aliokuwa akiuimba yeye. Huenda ni ule uliokuwa ukiimbwa kando yake.

Sehemu yangu ilikuwa nyingine. Nilikuwa nimepata dawa, na nikaona kwamba dawa hiyohiyo ni silaha.

"Sikukuu ya kwaya nampeleka," nilimwambia Bi Halima.

"Watu mia mbili na vipaza sauti? Ataumia."

"Ataimba."

"Kageha. Unampeleka kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

"Kwa ajili yangu."

"Angalau huongopi," akasema. "Chukua nguo za kubadilisha."

Jumapili hiyo ya Oktoba mawingu ya vuli yalikuwa yamekaa juu ya mabati bila kunyesha. Nilimvalisha Baba suti yake ya kahawia, ambayo sasa ilikuwa ya watu wawili, nikaweka chuma mfukoni mwangu. Kanisa lilijaa. Kipaza sauti kilipiga yowe, Baba akashtuka, akanishika mkono mpaka kucha zikaingia, na muda si muda nikaona kiti chake kimelowa. Elkana alituona. Aliinamisha kichwa kutusalimu, akatabasamu kwa huruma, ili kila mtu aione huruma yake.

Wakati huo ningeweza kumtoa nje. Mwana mwema angemtoa. Nilimfunika mapajani na leso yangu, nikamwekea chuma kiganjani.

Kwaya ilianza. *Tufungulie asubuhi.* Baba aliacha kutetemeka. Ilipoingia ile alto ya mabati, aliinuka, akagonga chuma mara moja kwenye mgongo wa benchi.

Do.

Kwaya ilinyamaza. Nataka uelewe: hakuna aliyewaambia. Waliofundishwa na Baba walifunga midomo katikati ya neno, na vijana wakawafuata kwa kuchanganyikiwa. Na Elkana, mwongozaji, mtunzi, mikono yake ilishuka yenyewe ikasimama kando ya mwili kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Nimeihifadhi picha hiyo. Siku mbaya ninaitoa naiangalia.

"Alto mmekosea," Baba alisema, sauti yake ileile ya zamani. "Rudini mwanzo."

Akawaimbia. Aliimba peke yake mstari wa kwanza, na wa pili, katika kanisa lisilokohoa. Kisha nyuma kabisa Mama Rispa, mjane jirani yetu aliyeimba kando ya mama yangu miaka ishirini, akainuka na fimbo yake, akaingia kwenye so ileile, akabaki hapo. Akainuka mwingine. Wakawa wanne, vikongwe, kama walio mlangoni, wamekataa kuondoka.

Walipomaliza, Mama Rispa alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Elkana, mwanangu, wimbo wako sisi tuliuimba wewe ukiwa bado unafundishwa kushika do. Uliutunga tumboni mwa mamako?"

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko kirefu, na hakikuwa cha puani.

Lakini Baba hakucheka. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku, anatafuta safu ya alto uso mmoja mmoja. "Mama Amosi yuko wapi?" akauliza. "Nimemsikia. Mwiteni." Alilia njia yote mpaka nyumbani, na siku nne zilizofuata, nami nilikuwa nimelinunua hilo kwa mikono yangu. Amosi alikuja siku ya pili, akavua koti, akamwosha. Hakunisema. Tangu hapo Jumanne ni zake.

Wazee wa kanisa walikaa kikao. Elkana alirudi kwetu na madaftari kumi na moja kwenye mfuko wa nailoni, hayana hata jino la panya. Mzee wa baraza aliyefuatana naye aliniuliza ninataka nini. Waliniandalia ungamo la hadharani, barua ya kuomba radhi, maombi ya pamoja.

"Nataka aje kuimba besi," nikasema. "Alhamisi, saa kumi, hapa nyumbani. Baba atamfundisha huo wimbo, tangu mwanzo."

"Mpaka lini?" Elkana akauliza.

"Mpaka akukumbuke."

Alielewa. Nilimwona akielewa.

Amekuja Alhamisi ishirini na tatu. Bi Halima hukaa kwenye kigoda, Mama Rispa huja na fimbo yake, majirani husimama dirishani. Kila mara Baba humtazama Elkana juu hadi chini.

"Huyu ni mgeni? Umewahi kuimba?"

"Sijawahi, Mwalimu."

"Inaonekana. Simama wima. Tumbo ndani. Mtu mzima hivi, pumzi kama ya paka!"

Majirani hufa kwa kicheko. Baba humrudisha mstari mmoja mara kumi, chuma kinalia, Elkana ananyamaza, anaanza tena. Na siku hizo Baba hula sahani nzima. Hulala. Ijumaa asubuhi huamka ananiita Mama na kuniuliza habari za ng'ombe, nami namjibu wamekunywa. Wakati mbaya zaidi umepita, na sehemu ya kupita kwake imebebwa na besi ya mwizi. Sipendi kukiri hilo. Nimelikiri.

Alhamisi iliyopita mvua ilimnyeshea Elkana njiani. Alifika amelowa, akapiga magoti mbele ya Baba, akasema, "Mwalimu, nisamehe." Baba alimpigapiga begani. "Kulowa si kosa," akamwambia. "Keti ukauke. Una penseli?"

Akampa daftari la tatu, limefunguliwa kwenye ule wimbo, ule mstari mtupu.

"Andika alto. Mimi nitaimba, wewe andika. Nisije nikasahau."

Elkana aliandika. Ilichukua saa nzima. Baba alimfutisha mara tano. Walipofika mwisho, Baba akaweka kidole chini ya ukurasa.

"Sasa mtunzi. Andika jina la aliyetunga."

"Nani, Mwalimu?"

Baba alifikiri. Nilimwona akitafuta, na nikaona hakuna kitu. "Mimi simjui," akasema. "Muulize Mama, yule pale."

Elkana alinigeukia, penseli hewani. Alikuwa analia waziwazi.

"Unalijua," nikamwambia. "Litaje kwa sauti."

"Zakayo Kidiga," akasema.

"Huyo alikuwa mtu mzuri?" Baba akauliza.

"Alikuwa mwalimu wangu."

"Basi mwandike vizuri. Kwa herufi kubwa."

Jina limeandikwa, kwa mkono wa aliyelifuta, na hakuna panya atakayeligusa. Amosi anasema sasa inatosha, nimwachilie mtu. Leo ni Alhamisi, inakaribia saa kumi, nimeacha mlango wazi. Baba ameshaketi na chuma chake. Ameniuliza mara mbili yule mgeni mwenye pumzi ya paka anaitwa nani, na mara zote mbili sikumwambia.